Mfupa wa Shavu Uliovunjika na Namna ya Kuurudisha



Nimeombwa kusema nanyi juu ya mfupa wa shavu. Huenda mtu akauliza, ya nini kusumbukia mfupa mdogo hivyo? Mfupa huo ni sehemu ya ukuta wa tundu la jicho, na mkono wake mwembamba uelekeao sikioni hupita juu ya msuli wa kutafunia. Ukibonyea, shavu hulala bapa, kinywa hukataa kufunguka, mdomo wa juu hufa ganzi, na pengine mtu huona vitu viwili palipo na kimoja.

Nchi ya Kisii si ngeni kwa upasuaji. Tangu zamani Abagusii walikuwa na ababari, mafundi wa kukwangua fuvu la mtu aliyeumia kichwani. Lakini uso una taabu yake: kovu huonekana na kila mtu, na mishipa ya fahamu inayochezesha uso hupita karibu na ngozi. Ndiyo maana matabibu wakatafuta njia za kujificha.

Mwaka 1909 Keen wa Marekani alieleza njia ya kupitia ndani ya kinywa, pale ufizi wa juu unapokutana na shavu. Mwaka 1927 Gillies na wenzake wa Uingereza wakaeleza njia ambayo mimi naiona ya werevu kuliko zote. Tabibu hukata sentimeta 2 hivi penye nywele, juu ya panja, kisha hupasua utando mgumu unaofunika msuli. Utando huo umeshikamana na ukingo wa juu wa mfupa, bali msuli hupita nyuma yake; basi wenzo ukipenyezwa kati ya hivyo viwili hufika wenyewe nyuma ya mfupa uliobonyea. Hapo huunyanyua, bila kuuegemeza wenzo juu ya fuvu. Nywele zikiota, kovu halionekani.

Mfupa uliovunjika vipande vingi hautulii hivyo. Hapo hupasuliwa penye unyusi, au kope la chini, ama ndani ya kope, na vipande hufungwa kwa vibati vya titani na skrubu ndogo. Kope la chini lataka mkono mwangalifu: likivutwa na kovu, jicho hubaki wazi.

Siku za kwanza uvimbe hufunika ubapa, mtu akajidhania mzima. Tabibu mwenyewe aweza kungoja siku chache uvimbe upungue. Lakini majuma 3 yakipita mfupa huanza kuunga vibaya, na kuunyosha huwa kazi kubwa. Kwa hiyo aliyeanguka na pikipiki aende mapema Hospitali ya Mafunzo na Rufaa, iliyo hapa hapa mjini Kisii. Jicho likitokeza kwa maumivu makali, au likififia, asilale nyumbani hata usiku mmoja.

Tena asipenge kamasi, maana hewa yaweza kupenya kutoka puani ikaingia chini ya ngozi na kulivimbisha jicho.