Taja hasira kabla haijakutuma



Leo tuzungumze juu ya kazi ndogo isiyodai pesa: kutaja moyoni yale yanayopita ndani yetu. Imetoka katika dini ya Wabuddha, huko Burma, nchi inayoitwa leo Myanmar. Aliyeieneza sana ni mtawa Mahasi Sayadaw, aliyezaliwa mwaka 1904 na kufariki mwaka 1982. Tangu 1949 aliifundisha mjini Rangoon, wala si kwa watawa peke yao. Hatuwaambii muache kanisa wala msikiti. Tunaazima jembe la jirani tu.

Namna yenyewe ni hii. Kaa, nyosha mgongo, fuata tumbo unapopumua. Likipanda, sema moyoni: "linapanda." Likishuka: "linashuka." Goti likiuma: "maumivu." Wazo likija: "kuwaza." Kisha rudi kwenye tumbo. Dakika 10 zatosha mwanzoni.

Anayeanza hushangaa. Hajafikisha pumzi tano, mawazo yamekwisha kukimbia: shamba lililoachwa, mtoto asiyejulikana alipo, foleni ya maji. Wengi husema: "Siwezi, kichwa changu kina kelele kuliko zamani." Sivyo. Kelele zilikuwapo, ila sasa unazisikia. Kutambua kwamba umepotea, kisha kurudi, ndiyo kazi yenyewe.

Halafu huja hasira. Itaje: "hasira, hasira." Utaona kwamba ni joto kifuani, meno yaliyobana, sura ya mtu fulani, na neno moja linalorudiwa. Huja, hukaa, hupungua, hata kama itarudi kesho. Hapo, kati ya hasira na mkono unaotaka kushika panga, panapatikana nafasi ndogo. Katika nafasi hiyo mtu anaweza kuchagua.

Kuna mambo mawili ya kuangalia. La kwanza: ninyi mlioona mauaji au mliotendewa ukatili, picha zikija kwa nguvu, msijilazimishe. Fumbueni macho, kanyageni ardhi, acheni, mkamwone mtu mnayemwamini au muuguzi.

La pili: kutaja hasira si kufuta haki. Aliyenyang'anywa shamba bado ana haki ya kulidai mbele ya barza na mahakama. Lakini shahidi aliyetulia husema aliona nini, siku gani, kwenye mpaka upi. Anayewaka moto hushitaki kabila zima. Neno la yule wa kwanza laweza kuamuliwa. La huyu wa pili huzaa vita.

Tena tusidanganyane. Katika Burma hiyohiyo, mwaka 2017 zaidi ya watu 700,000 wa jamii ya Rohingya walikimbilia Bangladesh kwa kuliogopa jeshi, na mwaka 2021 jeshi likapindua serikali. Utulivu wa mtu mmoja mmoja hautoshi pasipo sheria inayolinda wote.

Basi wazee wetu, jaribuni jambo hili. Kabla ya kufungua barza, kaeni kimya dakika tatu, kila mmoja ataje moyoni mwake alichokuja nacho: hofu, uchungu, hasira. Ndipo neno la kwanza lisemwe, na mwenye shamba asikilizwe hadi mwisho.