Hotuba juu ya posho ya Marekani na wanaosamehewa kazi



Wengi kati yetu tuna watoto na wadogo zetu Marekani, waliotoka katika kambi za wakimbizi. Leo tunasema habari ya chakula chao, maana wengine wanaweza kukipoteza kwa kutojua sheria.

Serikali ya kule huwapa maskini posho ya chakula, jina lake SNAP. Lakini tangu sheria ya mwaka 1996, mtu mzima mwenye nguvu, asiye na mtoto wa kulea, asipotimiza saa 80 za kazi kwa mwezi hupewa miezi 3 tu katika miaka 3. Kazi ya kujitolea na mafundisho ya kazi huhesabiwa pia.

Kwanza sheria hii iliishia miaka 49. Mwaka 2023 ilianza kupandishwa hadi 54, lakini wasio na nyumba, askari wa zamani na vijana waliolelewa na serikali wakasamehewa. Tarehe 4 Julai 2025 sheria nyingine ikafuta misamaha hiyo mitatu, ikapandisha umri hadi 64. Mzazi naye husamehewa tu kama mtoto hajafika miaka 14. Zamani ilikuwa 18. Na wakimbizi ambao hawajapata karatasi ya ukaaji wa daima wakatolewa katika posho.

Tunauliza: mama wa miaka 60, aliyelima tangu utoto na mgongo umekwisha, atapata wapi saa 80? Sheria ingali inamsamehe asiyeweza kazi kwa ugonjwa wa mwili au wa akili, mwenye mimba, na anayemtunza mtu asiyejiweza. Lakini msamaha haumfuati mtu nyumbani. Sisi makarani wa migodi tunajua: jina lisiloandikwa katika daftari halihesabiwi, hata mwenyewe akisimama mbele ya meza.

Basi, waandikieni watoto wenu. Barua ya biro isitupwe kwa sababu ni ya Kiingereza. Waombe mkalimani, hawalipi kitu. Mgonjwa aende kwa munganga apate karatasi. Aliyekatwa kwa kosa aombe shauri lisikilizwe, kabla siku 90 hazijapita.

Kazi tunaiheshimu, uvivu hatuutetei. Lakini mgonjwa akinyimwa chakula, nguvu ya kazi ataitoa wapi?