Korona na uzito wa vijana wetu

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alipatikana hapa hapa Arusha, Machi 2020. Vyuo vikafungwa hadi Juni 1, watalii wakakatika.

Mpagazi aliyezoea kupanda Kilimanjaro na mzigo wa kilo 20 akabaki nyumbani. Sahani ya ugali ikawa ile ile ya siku za kazi, jasho halitoki, akanenepa. Mwenzake aliyetegemea tipu za wageni akaanza kuruka mlo wa mchana, akakonda. Janga lilikuwa moja, kwa hiyo tafadhali, tusimcheke mtu kwa mwili wake.

Wanafunzi nao walikesha na simu. Usingizi ukipungua, njaa huongezeka, na mtu hutamani soda, mandazi, chipsi mayai. Wasiwasi wa ada na ajira ukazidisha hamu hiyo.

Leo chukua futi ya fundi cherehani, ujipime kiuno usawa wa kitovu. Mwanaume akizidi sentimita 94, mwanamke 80, aende zahanati akapimwe presha na sukari. Aliyekonda bila sababu naye aende. Na siku ya soko Tengeru, iache bodaboda, utembee.