Saratani ya Koo: Virusi, Tumbaku na Tumaini la Kupona
Mazungumzo ya Afisa Habari wa Halmashauri kwa wakazi wa kata



Wagonjwa wawili wana uvimbe unaofanana kooni. Wanapewa mionzi na dawa zilezile. Mmoja anapona, mwingine anafariki. Kwa nini? Mara nyingi ni kwa sababu hawakuwa na ugonjwa mmoja.

Saratani ya sehemu ya koo iliyo nyuma ya kinywa, kwenye mafindofindo na shina la ulimi, ina vyanzo viwili vikuu. Cha kwanza ni tumbaku na pombe. Cha pili ni virusi vya HPV, hususan aina namba 16, ambayo pia huleta saratani ya mlango wa kizazi. Virusi hivi vimeenea mno, na huweza kukaa mwilini miaka mingi kimya. Kwa hiyo mume na mke wasigombane wakitafuta nani alivileta.

Daktari hutambua chanzo kwa kupima kipande kidogo cha uvimbe na kutafuta protini iitwayo p16. Protini hiyo ni kama mguu wa dereva unaokanyaga breki ili chembe za mwili zisizaliane ovyo. Virusi vikishakata waya wa breki, mwili huzidi kukanyaga bila mafanikio. P16 hujaa tele. Wingi huo ndio alama ya kwamba virusi vimehusika.

Alama hii ina uzito. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010, miaka 3 baada ya matibabu, asilimia 82 ya wagonjwa wenye virusi walikuwa hai, dhidi ya asilimia 57 ya wasio navyo. Tangu mwaka 2018 madaktari wa huko hupanga hatua za ugonjwa huu kwa jedwali mbili tofauti, hata mgonjwa aliyehesabiwa kuwa hatua ya nne kwa sababu ya tezi za shingo huweza sasa kuhesabiwa hatua ya kwanza.

Lakini sigara huharibu bahati hiyo. Katika utafiti huohuo, wenye virusi waliovuta kidogo au wasiovuta kabisa walikuwa hai kwa asilimia 93. Wale waliozidisha kiwango cha pakiti moja kila siku kwa miaka 10, na saratani ikawa imesambaa zaidi shingoni, walishuka hadi asilimia 71.

Wala majibu mazuri si ruhusa ya kupunguza dawa. Majaribio mawili yaliyotangazwa mwaka 2018 yaliwapa wagonjwa wa namna hii dawa ya setuksimabu, iliyodhaniwa kuwa nyepesi, badala ya sisplatini. Waliopewa setuksimabu walifariki kwa wingi zaidi.

Kwetu, ninachohofia ni kuchelewa. Uvimbe wa shingo usiouma, kidonda cha koo au taabu ya kumeza ikizidi wiki 3, nenda kituo cha afya. Usizunguke na vidonge vya dukani. Uvimbe huo wa shingo, hata usipouma, huenda ukawa dalili ya kwanza.

Chanjo ya HPV inazuia aina namba 16. Tangu mwaka 2024 nchini mwetu hutolewa dozi moja tu, bila malipo, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, shuleni na vituoni. Asiyesoma shule naye apelekwe kituoni.