Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone
Mazungumzo kwa viongozi na jamaa za wakimbizi



Wengi wetu tuna ndugu waliokimbilia Uganda, Rwanda au Tanzania. Huko mgonjwa wao anatibiwa namna gani? Tuangalie nchi moja moja, kwani kuna funzo kwetu tuliohama ndani ya Kongo.

Uganda ilitunga sheria ya wakimbizi mwaka 2006. Vituo vya serikali viliacha kutoza malipo tangu 2001, na mkimbizi anaingia mlango uleule na mwenyeji. Lakini dawa zikiisha, wote wawili wanaandikiwa karatasi ya kwenda kununua.

Rwanda inatumia bima ya afya ya jamii, ile mituweli. Mwaka 2019 wakimbizi wa mijini walianza kuingizwa humo. Wa kambini walibaki na zahanati za kambi. Mwenye bima analipa sehemu ndogo tu akifika kituoni.

Tanzania, kwa sheria ya 1998, inamtaka mkimbizi akae kambini na kutoka kwa kibali. Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa 1996, imetegemea mashirika ya misaada kwa matibabu. Msaada ukipungua, dawa nazo hupungua.

Tumeona nini? Huduma ya kambi peke yake huondoka na mfadhili. Huduma ya pamoja hubaki, ila mwenyeji asipopata faida ataanza kusema, "Wageni wanamaliza dawa zetu." Hapo ugomvi huanza. Ndiyo sababu Uganda iliweka kanuni kwamba kama asilimia 30 ya msaada wa wakimbizi iwafae wenyeji pia.

Na sisi wakimbizi wa ndani hatukusahauliwa. Mkataba wa Kampala wa 2009 unazitaka serikali kuwapatia waliohama matibabu, na inapofaa kuwasaidia pia wanaowapokea.

Basi viongozi, wekeni waliohama na wenyeji katika kamati moja ya afya. Wafadhili wakileta dawa, ombeni sehemu iende kituo cha afya cha eneo, isiishie kwenye mahema. Nanyi wazazi, tunzeni kadi za chanjo na karatasi za hospitali. Mkikimbia, zitangulie kuingia mfukoni.

Wazee walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kituo kikiongezewa dawa na muuguzi kwa ajili ya mgeni, mtoto wa mwenyeji naye anapona. Hapo majirani wanakuwa na sababu ya kuishi kwa amani.