Kuchagua Benki na Kuhama Benki

Hotuba ya karani wa chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Elburgon



Kamati imeniagiza niseme habari ya hesabu yetu ya benki, nami nimetii, ijapokuwa mimi ni karani tu. Kazi ya karani ni kuandika yale waliyoyakata wengine. Lakini kwa kuwa mimi ndiye ninayetumwa kwenda na kurudi kwa ajili ya fedha za chama, na kwa kuwa mwenyewe nimepata kuhama benki moja kwenda nyingine nikaumia, si vibaya niwaeleze niliyoyaona. Benki hizo sitazitaja kwa majina, maana leo hatukuja kumshtaki mtu.

Wote mwayakumbuka mambo ya mwezi wa Julai mwaka jana. Mzee wetu mmoja alifariki, na kwa kanuni zetu jamaa zake walistahili kupewa fedha za mazishi upesi. Fedha zilikuwapo benki. Lakini mwili ulilala katika nyumba ya maiti kule Nakuru siku nne zaidi ya ilivyopangwa, na kila siku ilikuwa na malipo yake, kwa sababu hatukuweza kuzitoa. Watia sahihi wetu ni watatu, na hundi haipiti pasipo sahihi za wawili. Mmoja wa hao watatu alikwisha kufa miaka miwili nyuma, nasi hatukumweka mwingine mahali pake. Wa pili alikuwa mgonjwa, naye amelala kwa binti yake Mombasa. Akabaki mmoja. Karani wa dirishani alinitazama kwa huruma, akaniambia, “Ndugu yangu, niletee kumbukumbu za mkutano.” Mkutano ulikuwa bado haujaitishwa.

Tangu siku ile wanachama wengi wamesema, “Tuihame benki hii.” Wengine wamesema kwa hasira, nami sikuwalaumu. Ila naomba tusianze safari kabla ya kujua kilichotukwamisha. Nusu ya kosa lile ilikuwa yetu wenyewe. Hata tungekuwa katika benki nzuri kuliko zote za Kenya, marehemu asingeweza kutia sahihi.

Wazee wetu mliolelewa katika kambi za viwanda vya mbao na landi za reli mwafahamu vizuri kuliko mimi jinsi mambo yalivyokuwa zamani. Benki zilikuwako. National Bank of India ilifungua mlango Mombasa mwaka 1896, na Standard Bank ilikuja mwaka 1911. Lakini hizo zilikuwa kwa wafanya biashara na walowezi. Mtu mweusi alikuwa na benki ya akiba ya Posta, iliyoanza mwaka 1910, au alikuwa na mkebe chini ya kitanda. Tena palikuwa na sheria ya mwaka 1926 iliyoweka mpaka wa shilingi 200 kwa Mwafrika kukopeshwa bila kibali cha serikali. Katika hali kama ile, neno la kuchagua benki lingekuwa mzaha.

Baada ya Uhuru mambo yaligeuka. Benki ya Ushirika iliandikishwa mwaka 1965 na kufungua milango mwaka 1968. Na mwaka huo huo wa 1968 ikaja National Bank of Kenya. Mwaka 1970 serikali ilichukua sehemu kubwa ya National and Grindlays, ikawa Kenya Commercial Bank. Mkulima wa pareto na viazi akapata pa kuingia. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1990 benki kubwa zilifunga matawi mengi ya mashambani, na zikapandisha kiasi ambacho mtu hana budi kukiacha ndani ya hesabu yake. Watu wadogo wakatolewa mlangoni kwa adabu. Hao ndio waliookotwa na Equity, iliyoanza mwaka 1984 kama chama cha ujenzi huko Kangema, ikakaribia kufa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na ikawa benki kamili mwaka 2004. Ilimruhusu mtu kufungua hesabu pasipo kudaiwa kiasi cha kubaki ndani. Halafu mwezi wa Machi 2007 ikaja M-Pesa, na tangu mwaka 2010 mawakala wa benki wakaanza kuhudumu madukani. Siku hizi mtu aweka fedha mahali anaponunua sukari.

Basi kuchagua sasa kupo. Kumekuwa kwingi hata kumeleta kizunguzungu.

Mwezi wa Februari kamati ilinituma nizitembelee benki tatu, pamoja na hii yetu, nikaulize maswali yale yale kila mahali. Nilikuwa nimeyaandika katika karatasi: ada ya mwezi ni kiasi gani, kutoa fedha dirishani ni kiasi gani, kwa wakala ni kiasi gani, kwa mashine ni kiasi gani, kitabu cha hundi ni bei gani, taarifa ya hesabu iliyopigwa muhuri ni bei gani, na kubadili watia sahihi huchukua siku ngapi. Katika benki ya kwanza kijana mmoja mwenye tai nzuri alinieleza kwa nusu saa juu ya mkopo ambao sikuuomba. Nilipomrudisha kwenye ada alisema, “Hizo ni ndogo tu, mzee.” Mimi si mzee, na “ndogo tu” si bei. Nilitoka na kalenda. Katika benki ya pili mama mmoja alichukua karatasi yangu, akaenda nayo ndani, akarudi na majibu yameandikwa kwa kalamu nyekundu mbele ya kila swali, pamoja na moja aliloliacha wazi, akasema hilo halijui na angeuliza. Siku ya tatu yake alinipigia simu. Yule mama amenivuta kuliko matangazo yote ya barabarani. Lakini hata yeye mwaweza kumkosa mwaka ujao, maana watumishi wa benki huhamishwa, kwa hiyo msichague benki kwa sababu ya mtu mmoja mwema.

Juu ya ada nataka tusimame kidogo, maana hapo ndipo wengi wetu hupotea. Benki yaweza kusema, “Hesabu hii haina ada ya mwezi,” na neno hilo likawa kweli. Lakini tuseme kila mara utoapo fedha walipa shilingi 35. Mwalimu apokeaye mshahara mara moja na kuutoa mara mbili atalipa shilingi 70, naye atafurahi. Mama auzaye viazi, ambaye hutoa kidogo kidogo mara kumi kwa mwezi, atalipa shilingi 350. Kwake yeye ile benki nyingine yenye ada ya shilingi 200 kwa mwezi na kutoa bure ingekuwa rahisi zaidi. Hesabu iliyo bora kwa jirani yako yaweza kuwa hasara kwako. Chama chetu hutoa fedha mara chache na kwa mafungu makubwa. Kwa hiyo sisi tumefanana na yule mwalimu.

Sasa nitasema habari yangu, ijapokuwa ni ya aibu. Miaka michache iliyopita nilichoka na foleni za benki yangu ya zamani, nikafungua hesabu kwingine, nikampelekea mwajiri wangu barua kwamba mshahara uende huko. Ukaenda. Nilijiona mwerevu. Nilichosahau ni kwamba katika benki ya zamani nilikuwa na mkopo mdogo wa karo ya mdogo wangu, uliokatwa kila tarehe 5 kutoka katika hesabu ile ile. Tarehe 5 ilifika, wakakuta hesabu tupu. Mwezi wa pili vivyo hivyo, na wa tatu. Barua za kunionya zilitumwa kwenye sanduku la posta nililokwisha kuliacha. Siku tisini zilipopita, jina langu likapelekwa kwa wale wawekao kumbukumbu za wadeni. Nami nilikuwa ninazo fedha wakati wote! Nililijua jambo hilo siku nilipokwenda kuomba mkopo wa kununua mabati, nikarudishwa. Mke wangu aliyaona mabati yale mwaka na nusu baadaye.

Kule Uingereza, tangu Septemba 2013, pana utaratibu ambao mtu akitaka kuhama, benki mpya huchukua kazi yote: huhamisha fedha na maagizo yote ya kulipa katika siku saba za kazi, na malipo yatakayopotea njia hurudishwa kwenye hesabu mpya. Kwetu mhamaji ndiye hubeba mizigo yake mwenyewe. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, humpa mnunuzi wa huduma haki ya kupewa habari zinazomfaa, nasi yatupasa tuidai haki hiyo dirishani bila kuona haya. Lakini Katiba haitaandika barua kwa niaba yako.

Kwa hiyo nimeiambia kamati: tukihama, tusiifunge hesabu ya zamani siku ile ile. Wapangaji wawili wa kiwanja chetu huweka kodi humo. Wanachama kumi na mmoja walioko Nairobi na Eldoret wameziagiza benki zao zilipe michango yao humo kila mwezi. Wote hao hawana budi kuandikiwa, na wengine hawatasoma barua ya kwanza. Tuiache hesabu ya zamani wazi kwa miezi mitatu, na fedha kidogo ndani yake za kulipia ada, kisha tuifunge kwa barua na tupewe karatasi ya kuthibitisha. Hesabu iliyoachwa bila kufungwa huendelea kula ada zake kimya kimya.

Bwana mmoja wa kamati aliniuliza kama benki ndogo zina usalama. Ni swali la haki. Mwaka 2015 Dubai Bank ilifungwa mwezi wa Agosti, na Imperial Bank ikawekwa chini ya msimamizi mwezi wa Oktoba. Kisha Chase Bank ikafuata Aprili 2016. Watu waliamka asubuhi wakakuta milango imefungwa, na wengine walingoja fedha zao kwa miaka. Siku zile bima ya amana ilimlipa mwenye hesabu mpaka shilingi 100,000 tu. Tangu Julai 2020 mpaka huo ni shilingi 500,000 kwa kila mwenye amana katika kila benki. Kwa bahati nzuri au mbaya, fedha za chama chetu hazijazidi kiasi hicho. Lakini wenye akiba katika vyama vya ushirika wa akiba na mikopo wajue kwamba bima hii ni ya benki.

Liko jambo lingine, nalo lawahusu wazee hasa. Ninyi mliokuwa na vitabu vya akiba katika matawi yaliyofungwa, au katika benki iliyobadili jina, msidhani fedha zile zimekufa. Benki zimebadili majina mbele ya macho yetu. Barclays ya Kenya iliitwa Absa tangu Februari 2020, na hesabu ziliendelea. Lakini hesabu ikikaa miaka mitano bila mwenyewe kuigusa, sheria ya mwaka 2011 huihesabu kuwa imeachwa, na fedha hupelekwa kwa Mamlaka ya Mali za Fedha Zisizodaiwa. Huko mwenyewe aweza kuzidai, na akifa warithi wake waweza kuzidai kwa hati za urithi. Mama mmoja mjane wa chama hiki alikuja kwangu na kitabu cha marehemu mumewe, kimeliwa na panya pembeni, akaniuliza kama kinafaa kuwashia moto. Nilimwomba anipe. Namba ya hesabu yasomeka. Tumeandika barua, na bado twangoja jibu.

Maoni yangu, kwa kuwa mmeniuliza, ni kwamba tuhamie ile benki ya pili. Ada zake kwa hali yetu ni ndogo zaidi, na fedha twaweza kuziweka kwa wakala aliye hapa Elburgon, tukapunguza nauli. Lakini kabla ya kuhama tuchague watia sahihi wanne, si watatu, na wawili miongoni mwao wawe watu wa umri chini ya miaka 50, na mmoja awe mama. Tena kila Mkutano Mkuu usome majina yao kwa sauti, na wajibu kwa sauti kwamba wapo. Najua wako wanaoona jambo hilo ni kuwabandua wazee. La. Mzee aliyetia sahihi hundi zetu kwa miaka ishirini pasipo kupotea hata senti moja hatubanduliwi. Ila na yeye huugua.

Fomu za benki ziko juu ya meza kwa mtunza hazina, pamoja na rasimu ya azimio. Benki yadai nakala ya kitambulisho na picha mbili kwa kila atakayechaguliwa. Mpiga picha amekuja, yuko nje chini ya mti wa mseda. Na wale wenye vitabu vya akiba vya zamani, nyumbani kwao au kwa marehemu wao, wavilete kwangu Jumamosi ijayo kuanzia saa tatu asubuhi. Hata vile vilivyoliwa na panya.