Amana ya Mpangaji: Fundo la Usimamizi wa Nyumba za Kupangisha Lanet

Mada iliyowasilishwa kwa wenye nyumba, mawakala na wawakilishi wa wapangaji

1. Utangulizi

Kusimamia nyumba za kupangisha ni kutafuta wapangaji, kukusanya kodi, kukarabati na kutoa hesabu. Hayo mnayajua. Mnajua pia kwamba Sura ya 533 ya Sheria za Kenya inamtaka wakala asajiliwe, na kwamba tangu Januari 2024 ushuru wa mapato ya kupangisha ni asilimia 7.5 kwa anayepata kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka. Sitakawia hapo.

2. Tatizo

Hapa Lanet, Nakuru, kutoka Free Area hadi Pipeline, palipokuwa na mahindi pamesimama ghorofa za bedsita. Majengo ni mapya, lakini amana tunazishika kama zamani: mpangaji analipa kodi ya mwezi mmoja kama amana, na jioni hiyo hiyo pesa zinaenda kwa fundi wa tangi.

Akihama, anaambiwa asubiri mpangaji mwingine aingie. Lanet ina kambi ya jeshi na watumishi wengi wa umma. Uhamisho huja ghafla, na aliyepelekwa mbali hawezi kurudi kila wiki kudai shilingi 8,000. Nikiwa wakala, nimewahi kusimama mlangoni na mama aliyekwisha kupakia vyombo kwenye kanta, nikiwa sina cha kumpa kwa kuwa mwenye jengo alikwisha kuitumia amana. Risiti aliyoshika ilikuwa na sahihi yangu.

Wapangaji nao wamejifunza. Mwezi wa mwisho hawalipi, "wanakalia dipoziti". Sinki likiwa limevunjika na bili ya maji haijalipwa, mwenye nyumba hana pa kukata. Hapo ndipo ugomvi wa rangi unapoanza, kwa sababu hakuna aliyeandika ukuta ulikuwaje siku ya kuingia.

Kwa heshima zote kwa taasisi husika, sheria haijatusaidia vya kutosha. Sura ya 296 inalinda nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na bedsita nyingi za hapa zimepita kiwango hicho. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2016, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, lakini aliyehamishwa atafikaje? Uingereza, tangu Aprili 2007, amana sharti ilindwe chini ya mpango ulioidhinishwa na serikali. Sisi tunaweza kuanza bila kungoja Bunge.

3. Mapendekezo

(a) Amana iwekwe katika akaunti yake, isichanganywe na kodi.
(b) Wakala asiikabidhi amana kwa mwenye nyumba kabla mpangaji hajahama.
(c) Siku ya kuingia, hali ya kila chumba iandikwe, ipigwe picha, na pande zote zitie sahihi.
(d) Mkataba utenganishe uharibifu na uchakavu wa kawaida. Rangi iliyofifia si kosa la mpangaji.
(e) Ukaguzi wa kuhama ufanywe mpangaji akiwepo, na salio lirudishwe kwa M-Pesa ndani ya siku 14.
(f) Keateka asipokee pesa mkononi.
(g) Wabunge wapandishe kiwango cha shilingi 2,500 na kuitaja amana wazi katika sheria.
(h) Narudia: amana iwe na akaunti yake. Mwenye vyumba ishirini ambaye amekwisha kuzitumia za wapangaji wa sasa aanze na mpangaji atakayeingia mwezi ujao.